Kwani ulitaka waanze na mtoto?

Kuna sauti inazungushwa kwenye magrupu, jamaa anafoka kweli kweli, eti chanjo mpya ya taifodi wanaijaribu kwa watu wazima ambao hawaumwi chochote, "sasa asiyeumwa anatibiwa nini kama siyo biashara?" Na watu wanamgongea dole gumba! Watu wenye akili zao!

Jamani, chanjo haitibu. Inachomwa kabla hujaumwa, sasa ulitaka ijaribiwe kwa nani? Mchome mgonjwa wa taifodi halafu usiku homa ipande, kichwa kigonge, tumbo lisokote, utajuaje ni chanjo au ni taifodi yenyewe? Ndiyo maana wanatafuta mtu aliyepimwa damu, figo na ini, wajawazito hawachukuliwi, anachomwa, anabaki pale pale kliniki kwa muda waone kama atapata mzio, anarudi kwake na kipimajoto na karatasi ya kujaza kila siku, mkono umevimba? homa? uchovu? Wanaanza wachache, mara nyingi kwa dozi ndogo, hizo karatasi zinasomwa na wataalamu wa usalama wa chanjo, wakiridhika ndiyo kundi lingine linapanda dozi. Kazi inachosha, hakuna sinema hapo. Na wanaohitaji chanjo hii kuliko wote ni watoto. Mheshimiwa wa sauti alitaka dozi ya kwanza kabisa duniani achomwe mtoto wa miezi tisa?

Tena kuna waliokwenda mbali zaidi. Oxford huko Uingereza, watu wazima wenye afya zao walichanjwa kisha wakanywa bakteria hai wa taifodi, kwa hiari yao, pamoja na sodiamu baikaboneti ili asidi ya tumbo isiwaue wale bakteria, wakawa wanafuatiliwa kila siku, antibiotiki iko tayari. Majibu yalitoka 2017: waliochomwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo badala ya ile ya taifodi, ili kulinganisha, 24 kati ya 31 waliugua, waliopata ya taifodi iliyoungwa na protini ya pepopunda (ili kinga ya mwili iitikie vizuri zaidi), 13 kati ya 37. Mimi nisingekunywa, hata mnipe nini. Ila 2018 chanjo hiyo hiyo ikapelekwa Blantyre, Malawi, kwenye jaribio la watoto zaidi ya 28,000, ikazuia taifodi kwa asilimia 80 hivi.

Haya, historia siyo safi, hilo sibishi. Miaka ya 1960 kule Maryland, Marekani, waliokunywa hao bakteria walikuwa wafungwa, na mfungwa kuambiwa "amejitolea" mnh, tuache tu.

Na nyie mnaoandika "chanjo yafanikiwa" baada ya watu thelathini, mnatuharibia. Hapo wameangalia usalama na kingamwili, yaani kama mwili umetengeneza silaha za kupambana na ugonjwa, basi, na madhara yanayompata mmoja kati ya elfu kumi huwezi kuyaona kwa watu thelathini.

Kitu cha maana jamaa hakukigusa kabisa: aliyejitolea akipata madhara, matibabu analipa nani, na mpaka lini? Hilo ndilo la kufokea. Liandikwe kwenye fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, na kama halimo asisaini, aondoke zake.