Bonyeza tisa kwanza

Mie si mtu wa IT, tuelewane hapo kwanza. Mie ni karani kwenye kampuni ya kliaringi, ya kutolea watu mizigo bandarini, hapa Mombasa, kazi yangu kukimbia na makaratasi bandarini na kurudi ofisini Moi Avenue nimelowa jasho chapachapa. Lakini kuna siku printa ilikwama nikachomoa karatasi iliyojikunja ndani, basi tangu hiyo siku chochote chenye waya ni changu.

Sasa Jumatatu, hamri la kwanza sijalimaliza, namsikia bosi: "Kijana! Simu imekufa!" Lori letu lilikuwa limetoka na mzigo usiku, hatujui kama limepita mizani ya Mariakani ama bado, dereva kabadilisha laini juzi tu, mteja roho juu, na kila bosi akimpigia dereva anajibiwa na yule mama wa Kizungu aliyerekodiwa ndani ya mtambo wa simu za ofisi, ati simu yako haiwezi kwenda. Nikamwambia bosi si utumie ya mkononi. Akaniangalia kama nimekanyaga mkeka na viatu. "Nalipia simu ya ofisi kila mwezi, salio niweke la nini?"

Haya. Nikabonyeza 9 ya kutokea nje, nikapiga namba yangu, ikalia mfukoni. Bosi, simu nzima. Akajaribu dereva, mama wa Kizungu. Nikampigia mamangu, ikaenda, akaanza kuniuliza nani kafa, dakika tano namtuliza.

"Kwako yaenda, kwangu haiendi," bosi akasema kwa uchungu, kama simu imemchukia yeye tu. Mzee wa akaunti akasema ni chumvi ya bahari imekula nyaya. Askari wa mlangoni akasema hii nyumba zamani... halafu akanyamaza, na sote tukaelewa. Nikabadilisha waya, nikabadilisha mkono wa simu, nikazima mtambo nikauwasha, ofisi nzima tumekaa kimya twasikiliza feni. Mama wa Kizungu hakuchoka.

Saa tano bosi akasema tokeni hapa napiga mwenyewe. Sasa bosi kazoea ule mtambo wetu wa kale, ukibonyeza 9 wasikia mlio kuonyesha umepata laini ya nje, ndo waendelea. Huu mpya ukibonyeza 9 ni kimya, wakusubiri umalize namba yote. Bosi kabonyeza 9, kimya. Kabonyeza tena, kimya. Ya tatu kaibonyeza kwa hasira, kidole kama anaponda thomu, na spika kaiwasha. Ikalia! Uso ukamng'aa. Ikapokelewa, na kabla mtu hajasema halo:

"We mwizi! Mali yangu iko wapi?"

Kimya kidogo, halafu sauti nzito, tulivu: "Mali gani imeibwa, mzee?"

"Waniuliza mali gani? Kontena la futi 40!"

"Kontena zima? Limeibiwa wapi?"

"Si wewe ndo wajua! Uko na nani hapo?"

"Niko na maafisa wenzangu."

"Maafisa? Ushashikwa?"

"Mzee, umepigia polisi, 999."

Bosi akaitazama simu, akanitazama mie, akanipa ule mkono wa simu polepole kama mtu anayerudisha mtoto aliyejikojolea. Niliomba radhi kwa Kiswahili sanifu ambacho sijakigusa tangu insha ya mwisho shuleni. Afande akanikumbusha kwamba laini ile ni ya dharura, akakata. Mzee wa akaunti alikuwa kajificha nyuma ya kabati, mabega yanamtikisika.

Nikampigia fundi aliyetufungia mtambo, siku hizi yuko Malindi. Alikuwa anatafuna kitu. Akauliza swali moja tu: "Namba ya dereva yaanza na ngapi?"

"011."

Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe mtambo tulifungiwa 2017, na namba za 010 na 011 zimeanza kutolewa 2019. Akaniongoza mpaka kwenye ukurasa wa namba zinazoruhusiwa kutoka, nikaona kwa macho yangu: 9 halafu 041, 9 halafu 020, 9 halafu 07 na iksi nane, kila iksi ni tarakimu yoyote. Ya 01 haimo kabisa. 999 nayo imewekwa peke yake, yatoka bila 9 ya mbele, na ndivyo inavyotakiwa, msije mkaifuta kwa sababu ya bosi wetu.

Hapo dada wa mapokezi akainua kichwa. "Hizo za 011? Mbona siku zote haziendi, mie hupiga na simu yangu." Miaka yote hiyo! Na asubuhi yote kakaa pale anakunywa chai akitutazama.

Nikaandika mstari mpya, 901 na iksi nane, nikaseivu, bosi akapiga. Mama wa Kizungu. Machozi yakanilenga. "Umebonyeza kile kitufe chekundu juu, cha kuyatia kazini mabadiliko?" fundi akauliza. Chekundu hakunitajia! Nikabonyeza. Bosi akapiga, ikalia, akapokea dereva na sauti ya usingizi. Kashapita mizani tangu alfajiri, kaegesha pembeni kalala.

Kwenye simu ya bosi sasa kuna plasta, imeandikwa kwa kalamu nene: 9 MARA MOJA TU. Na leo asubuhi nimepigiwa ati printa imekwama. Nimewaambia niko bandarini.