Kunguru na Sabuni ya Korona

Jamani, mimi si mbishi. Machi 2020, Korona ilipotua Arusha tarehe 16, sisi huku Muheza tulisema Arusha mbali. Kesho yake Waziri Mkuu akafunga shule kwa siku 30, na balaa likanifika hapo hapo uani: watoto watano, saa nne asubuhi, wanauliza mchana tunakula nini. Na siku 30 zenyewe kumbe kianzio tu, shule zilikuja kufunguliwa Juni 29!

Serikali ilikataza mikusanyiko isiyo ya lazima. Mama watoto akaona serikali inalegalega, akaongeza ya kwake. "Hatoki mtu hapa. Tunajifungia kama watu wa Dar wenye mageti." Nikamwambia, mama, geti tunalo wapi? Mlango wa uani wenyewe gunia.

Akanitajia mahitaji: sabuni ya mche, chumvi, dagaa, mafuta ya taa, na debe mbili za mahindi zisagwe kwa mkupuo tusirudi tena mashineni. Nikauza jogoo. Tena yule mwekundu, aliyekuwa akimkimbiza mjumbe wa nyumba kumi kila akija kudai mchango. Mashineni nikakuta kumbe kina mama watoto wote wameambiana: kila mwanaume kaletwa kusaga unga wa mwezi mzima asije akakutana na watu. Tulibanana pale mlangoni tukipumuliana hadi kope zikawa nyeupe.

Unga wenyewe, masika hii, kiroba kikakaa wiki mbili kikapata fukuto. Ugali ukawa unanuka kama soksi ya mgambo. Na mahindi yaliyobaki wakaingia dumuzi. Hao ndio peke yao waliotii amri ya mama watoto: wametulia ndani, wanakula, hawatembelei mtu.

Halafu mama mkwe akaja kutoka Tanga mjini, na kimkoba, "siku mbili tu mwanangu." Nilihesabu siku mbili hizo mpaka vidole vikaniishia. Lakini kwa haki, suala la kukaa mbalimbali kwake halikutusumbua. Mimi na mama mkwe tumekuwa tukikwepana tangu nilipotoa mahari, Korona imetukuta wazoefu. Shida ilikuwa nyungu. Kachemsha majani ya mkaratusi, mpera, mchaichai, mlimao, akaniagiza kwa mdomo wa binti yake kwamba nimesikika nikikohoa. Nilikohoa moshi wa jiko! Nani anasikiliza? Nikafunikwa blanketi na sufuria, nikatoka humo kama muhogo wa futari.

Tuje kwenye kunawa. Kibuyu chirizi nilikitengeneza mwenyewe, na hapa niacheni nijisifu kidogo. Dumu la lita tano, tobo la msumari wa moto, kamba imeshuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga, ukikanyaga dumu linainama, maji yanachuruzika, mkono haugusi kitu. Mche wa sabuni nikautoboa katikati, nikauning'iniza kwa kamba ya katani. Watoto wakafurahi mno. Wakanawa kabla ya kula, baada ya kula, na kwa ajili ya kumwona mwenzao akikanyaga. Kila mmoja sekunde 20, wamesema wataalamu, na wanangu ambao hesabu inawashinda shuleni hii ishirini waliifikisha mpaka arobaini.

Dumu halifiki adhuhuri. Zamani ndoo sita zilitutosha kutwa, sasa tisa. Kisima kiko bondeni. Na kisimani kuna nini? Kuna foleni ya madumu, na kila dumu lina mwenyewe, na kila mwenyewe ana habari ya kumnong'oneza mwenzake sikioni! Yaani tumejifungia tusikutane na watu, kujifungia kunataka kunawa, kunawa kunataka maji, na maji yanatukutanisha na kijiji kizima mara tisa kwa siku. Nilimweleza mama watoto hoja hii vizuri kabisa. Akanipa ndoo ya kumi.

Siku ya nne naamka, kamba ya katani inapepea, sabuni hakuna. Nikawasema watoto. Nikamtazama mbuzi kwa jicho baya. Kumbe juu ya mnazi, kunguru, yule mweusi wa shingo ya kijivu, kakumbatia mche wangu anaudonoa kama kipande cha jibini. Nikarusha jiwe. Akaruka na mzigo wake, kamba ikining'inia, akapotelea upande wa jirani.

Jioni nikapita kwa jirani kumjulia hali, kwa mbali, kwa kiwiko. Naye kajenga kibuyu chirizi chake. Kimening'inizwa kipande cha sabuni chenye alama za mdomo wa ndege, na fundo la katani nililolifunga kwa mkono wangu. "Mungu mkubwa," ananiambia, "nimeikuta imeanguka uani, na sina hata mia."

Sasa nikitoka kisimani napita kwake kunawa.