Soko limeshavuka mpaka zamani, serikali ndo bado hazijajifunga

Kila tukiongelea SADC (Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika) au Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna hoja inarudi, kwamba serikali zikae pembeni tu, wafanyabiashara wataziunganisha hizi nchi wenyewe. Ukiwa huku kwetu nyanda za juu kusini hoja hiyo inakuingia haraka. Nenda Tunduma, mpakani mwetu na Zambia, ukajionee, kwacha na shilingi zinabadilishwa barabarani, mahindi ya Mbozi yanavuka kwenda Nakonde upande wa Zambia kwa gunia, kwa debe, mpaka kwa baiskeli, na hakuna aliyesubiri kikao cha marais ndo aanze biashara.

Ila mimi siikubali yote, na sababu ni yaliyotokea 2025. Mwezi wa tatu Malawi ilizuia mahindi, mchele, unga, tangawizi na ndizi kutoka nje, Afrika Kusini nayo ilikuwa imeshazizuia ndizi zetu muda mrefu, Hussein Bashe, aliyekuwa Waziri wa Kilimo wakati huo, akawapa siku chache walegeze, hawakulegeza, tarehe 23 Aprili na sisi tukayafunga mazao yao. Mwanzoni mwa Mei tukafungua kwa sababu mazungumzo yalishaanza. Ukisoma kwenye taarifa unaona jambo limeisha vizuri. Sasa chukua mama wa Rungwe anayekusanya mikungu kule Tukuyu kwa hela ya kikoba, analipia Fuso mpaka Kasumulu, mpakani na Malawi, anafika getini anaambiwa haivuki. Ndizi ikishakatwa haina wiki mbili, itauzwa hapo hapo kwa bei ya kutupa au itaoza, na marejesho ya kikoba yako pale pale.

Upande wa serikali nao una hoja nzito, tusiipuuze. Malawi ilikuwa na uhaba mkubwa wa dola, na ilitaka mkulima wake naye apate pa kuuzia, hata ningekuwa mimi ni waziri kule ningebanwa. Na sisi tusingejibu pengine wasingekuja mezani. Alafu kuna vitu soko peke yake lisingejenga, mfano TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Benki ya Dunia ilisema miaka ya 60 kwamba reli ile hailipi, Nyerere na Kaunda wakaenda China wakapata mkopo usio na riba, zikajengwa kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi ili Zambia isitegemee njia za Rhodesia (Zimbabwe ya leo). Hata kile kituo cha pamoja cha forodha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa 2019 ni kazi ya serikali, na wenye malori wanajua foleni ilivyokuwa kabla.

Kwa hiyo serikali lazima iwepo, swali langu ni nani anaibana inapoamka asubuhi na kufunga. Watu hupenda kutaja Ulaya, eti walianza na biashara ya makaa ya mawe na chuma 1951, nchi sita tu, siasa ikafuata. Ni kweli, ila kinachosahaulika ni kwamba siku hiyo hiyo walikubali kuwa na mamlaka na mahakama juu yao. Sisi Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilikuwa na reli moja, ndege moja, posta moja, na bado 1977 ikafa viongozi walipogombana.

SADC nayo ilikuwa na mahakama, kule Windhoek, Namibia. Ilipoamua kesi ya wakulima walionyang'anywa mashamba dhidi ya Zimbabwe 2008, wakuu wa nchi wakaisimamisha 2010, na protokali mpya ya 2014 ikasema zitakazosikilizwa ni kesi za nchi kwa nchi tu. Yani yule mama wa Rungwe hana pa kwenda, labda serikali yake imsemee, na serikali yake ndo hiyo inayojibu marufuku kwa marufuku. Mimi ningeanzia hapo: mtu binafsi arudishiwe haki ya kushtaki, na nchi za SADC zikubaliane kwa maandishi kwamba marufuku yoyote itangazwe mapema na mzigo ulioshatoka shambani uruhusiwe kuvuka.