Kisutu Ndiyo Nguo ya Bibi Harusi

Bibi harusi mtarajiwa alikuja na doti tatu za kanga za kisutu, bado hazijakatwa katikati. "Fundi, sitaki shela jeupe. Nishonee hizi." Shangazi yake, aliyemsindikiza, akaguna: "Mwanangu, watasema umeolewa na kanga ya jikoni."

Nilimjibu kwa heshima, na hapa nalirudia kwa sauti: Shangazi, kisutu chekundu, cheusi na cheupe ndicho walichovaa mabibi harusi wa pwani yetu. Shela jeupe ndilo geni. Hata huko Ulaya bibi harusi alivaa gauni lake zuri la rangi yoyote, mpaka Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa na nguo nyeupe mwaka 1840 na wengine wakamfuata.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Kanga mpya ina wanga na wekundu wake huvuja, kwa hiyo niliziloweka kwenye maji ya chumvi usiku kucha, nikazianika, nikazipiga pasi, ndipo nikashika mkasi. Kwanza nilishona gauni la majaribio kwa marekani, kitambaa kile kile ambacho karne ya 19 meli za Salem, bandari ya Marekani, zilikileta Unguja hadi kikabaki na jina la kwao.

Taabu ni pindo, ule ukingo wa nakshi unaoizunguka kanga. Ukikata sketi ya kubana kiunoni na kupanuka chini, mkasi unapita kwenye mji wa kanga, yaani sehemu ya katikati, vizuri, lakini pindo limenyooka na halikubali kufuata duara. Linakatikakatika. Basi sikukata. Kanga ina kimo cha sentimita kama 110, na kwa mteja huyu ndiyo kiuno hadi sakafuni. Nikaunga kanga nne ubavu kwa ubavu, karibu mita sita za pindo zikatambaa chini bila kukunjwa, kwa kuwa ukingo ule haufumuki. Juu nikakusanya marinda, ndani nikatia bitana ya pamba. Kanga mbili zilizobaki zikawa kifua na mikono.

Kinachoniudhi ni mafundi wenzangu wanaomrudisha mteja kwenye satini kwa sababu paterni yake ipo tayari ukutani. Na wateja wanaosema, "Punguza, si kanga tu?" Kanga ilinichukua siku nyingi kuliko satini, maana kila mshono ulibidi maua ya upande huu yakutane na ya upande ule. Nilitoza bei ya shela, na bibi harusi alilipa yote.

Siku ya kujaribisha, shangazi alimzunguka mara mbili, akainama, akalishika pindo pale kanga mbili zilipoungana, akalivuta. La jikoni hakulitaja tena.

"Mikono mifupi, fundi," akasema.

Alikuwa sahihi. Niliirefusha kwa mapindo niliyoyatoa kwenye kanga za kifua.