Mzee, Usiminye Embe

Nimekatazwa kuminya embe. Mimi, mtu mzima na mvi zangu, nimekaripiwa mbele za watu kwa kuminya embe ninalotaka kulinunua kwa hela yangu. Sasa embe lichaguliwe vipi? Kwa kura?

Msimu mnaujua wenyewe. Juzi hakuna hata la dawa, leo yamemwagwa kila kona na kila mtu kageuka bingwa wa maembe. Nikalisogelea lundo na shati langu la pasi, nikaokota moja, nikalibonyeza kidogo kwa dole gumba, kwa adabu kabisa.

"Mzee, usiminye. Unaliumiza," akasema kijana muuzaji.

"Siminyi, nalisikiliza."

"Basi lisikilize bila vidole."

Nikameza mate. Nikalinusa kwenye kikonyo, maana lililoiva vizuri hunukia pale hata kabla ya kisu. Likinukia pombe, limeshapitiliza. Lisiponukia chochote, mara nyingi bado.

"Na pua nayo uitoe, mzee, watu wanakula hayo." Anasema hivyo huku anajikuna sikio kwa mkono uleule anaopangia maembe!

Akaniletea jekundu. "Chukua hili, limeiva hilo." Nikamweleza kwa upole wa mtu aliyesoma: kijana wangu, wekundu ni wa ganda tu, kuiva ni habari nyingine. Embe la aina ya Tommy Atkins huwa jekundu lingali gumu, na la aina ya Keitt laweza kuiva likabaki na ukijani wake. Tazama umbo: embe lililokomaa limejaa huku juu, mabega yamenyanyuka kukizunguka kikonyo. Changa mabega yake yameporomoka.

Akanitazama mabega yangu. "Mzee, unanunua au unapima suti?"

Watu wakacheka. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Baba, sogea basi, wenzako tuna watoto." Kisha huyohuyo mama akapenyeza mkono kwapani kwangu, akaminya embe, akaliacha, akaminya jingine, kwa vidole vyote vitano, kama anayekamua nguo. Aliambiwa kitu? "Karibu mama, chagua tu, jisikie nyumbani." Nyumbani! Jamani, mimi nilikosa nini?

Nikabeba aliyonipa. Kulikata moja: ganda la njano limependeza, ndani karibu na kokwa peupe, gumu, chachu la kukunja uso. Hilo bila shaka limechumwa changa likapigwa kabaidi, ile dawa ya kuivishia matunda kwa haraka. Kabaidi ikipata unyevu hutoa gesi ya asetilini, ganda linabadilika rangi, ndani hakuna aliyepata taarifa. Na dawa yenyewe huweza kuwa na sumu ya aseniki. Wakati embe lililokomaa halihitaji ushenzi huo: lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda inalivundika taratibu. Lakini uliache nyumbani kwangu uone! Ukigeuka tu, mtu kalisukumia kwenye friji likiwa bichi, na baridi ile inalizuia kuiva.

Binti yangu naye kila nikitia kipande mdomoni ananisomea hesabu. Gramu 100 za embe zina takribani miligramu 36 za vitamini C, baba, hiyo ni zaidi ya theluthi ya mahitaji yako ya siku. Beta-karotini, ile rangi ya njano ya embe, mwili unaigeuza vitamini A, macho yanafaidi. Nyuzinyuzi zinasaidia choo. Nikivuta kipande cha pili, hesabu inageuka: sukari ni kama gramu 14 katika hizohizo gramu 100, baba, kula kipande, usile beseni, na juisi iliyochujwa imeacha nyuzinyuzi kwenye chujio. Sasa mwanangu, hili tunda ni dawa au ni kesi?

Jirani yeye anadai linatibu kila kitu. Mdomo wake umevimba kwa utomvu wa maganda anayoyang'ata, maana mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja na utomvu wao huwasha, ila bado anatibiwa.

Tena hayo yenye nyuzi! Unafurahi na kokwa lako dakika chache, halafu jioni nzima ulimi unafanya kazi ya fundi bomba. Vijiti vya meno vya siku hizi navyo ni vya kuonea huruma: ukikigusa jino kinakatika, nusu inabaki ndani, sasa una vitu viwili vya kutoa. Nani anavichonga hivi? Na kikopo chake, ukikifungua vyote vinatoka kwa pamoja. Saa hizi niko chini ya meza naokota kimoja kimoja, miwani sijui iko wapi, na simu inaita.