Kinu si tatizo, mafundi ndio tatizo

Kila mpango wa AUKUS, wa Australia kupata nyambizi za nyuklia kwa msaada wa Marekani na Uingereza, unapotajwa, wabishi hugawanyika: hawa wanalalamikia bei, ambayo serikali ya Australia yenyewe iliikadiria kuwa dola za nchi hiyo bilioni 268 hadi 368 kufikia mwaka 2055, na wale wanaogopa nyuklia. Kwa maoni yangu wote wanatazama kusiko. Kinu cha nyuklia ndicho kitakachowasumbua Waaustralia kidogo kuliko vyote. Kazi ipo kwa mafundi, chelezo za kutengenezea nyambizi na vipuri.

Kinu chenyewe watakipokea kimefungwa na kuchomelewa, urani ikiwa ndani tayari, na hakitaongezwa mafuta hadi nyambizi istaafu. Urani hupasha moto maji yaliyobanwa kwa shinikizo kubwa hata yasichemke. Joto hilo huhamia kwenye maji mengine, yakawa mvuke, na mvuke ukazungusha mitambo inayosukuma nyambizi na kufua umeme. Umeme huo huo hutumika kutoa oksijeni kwenye maji, kwa hiyo kinachoirudisha nyambizi bandarini ni chakula kuisha, baada ya miezi mitatu hivi. Nyambizi za sasa za Australia, aina ya Collins, zinatumia dizeli na betri. Betri zikipungua, lazima zipande karibu na uso wa bahari, zitoe bomba la kuvuta hewa na kuwasha injini, na hapo ndipo adui anapozisikia. Kwa nchi yenye bahari kubwa kiasi kile, hamu ya nyuklia ninaielewa. Waliitaka kiasi cha kuvunja mkataba wa nyambizi 12 za dizeli kutoka Ufaransa mwaka 2021 na kuilipa kampuni ya Kifaransa fidia ya euro milioni 555.

Shida inaanzia kwenye ratiba. Makubaliano ya Machi 2023, yaliyotangazwa San Diego, Marekani, yanasema Marekani itaiuzia Australia nyambizi tatu za aina ya Virginia kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2030, na mbili zaidi zikihitajika. Baadaye aina mpya, SSN-AUKUS, itajengwa Barrow, Uingereza, na Osborne, karibu na Adelaide. Ya kwanza ya Osborne inatarajiwa mwanzoni mwa miaka ya 2040. Lakini viwanda vya Marekani vimekuwa vikitoa takriban Virginia 1.2 kwa mwaka. Jeshi lao lenyewe linataka mbili, na ili kufidia zitakazouzwa zinatakiwa 2.33. Australia imekubali kuchangia dola bilioni 3 za Marekani kuvinyanyua viwanda hivyo. Sheria ya Marekani nayo inamtaka rais athibitishe, siku 270 kabla ya kukabidhi, kwamba mauzo hayapunguzi nguvu za Marekani chini ya bahari. Hela inatangulia, sahihi inafuata. Biashara ya namna hiyo mimi nisingeisifu.

Na kwa nini viwanda vinasuasua? Tazama mshono mmoja wa bodi ya nyambizi. Chuma chake ni kigumu kuliko cha meli za kawaida, hivyo hupashwa moto kabla ya kuchomelewa, na vijiti vya kuchomelea huwekwa kwenye tanuri vikauke. Unyevu kidogo tu huingiza haidrojeni ndani ya mshono, na ufa unatokea saa nyingi baadaye, fundi keshakwenda nyumbani. Ndiyo maana hukaguliwa tena baada ya kusubiri. Ukionekana mbovu, unachimbwa na kuchomelewa upya. Kama mabomba na nyaya vilishafungwa nyuma yake, vyote vinang'olewa kwanza. Ukali huu una historia. Aprili 1963 nyambizi ya Marekani, Thresher, ilizama na watu 129. Inaaminika kiungo cha bomba la maji ya bahari kilipasuka, kinu kikajizima, na walipojaribu kupuliza maji kutoka kwenye matangi ili wapande juu, unyevu katika hewa iliyoshindiliwa ukaganda barafu na kuziba njia. Tangu hapo kila kipande kinachozuia maji kina karatasi zake.

Matengenezo ni mtihani mwingine. USS Boise iliingia foleni ya ukarabati, ikapoteza kibali cha kupiga mbizi mwaka 2017, na mkataba wa kuikarabati ukatiwa saini 2024. Hiyo ni Marekani, yenye uzoefu wa miaka 70. Kwa hiyo mwaka 2024 Waaustralia waliposaidia kuitengeneza USS Hawaii kwenye kambi ya Stirling, karibu na Perth, hilo niliona lina maana kuliko hotuba zote za San Diego.

Hesabu ya watu nayo haitaki huruma: Virginia moja inahitaji mabaharia 130 na ushee, Collins haifiki 60.

Wakati huohuo Collins sita zinapaswa kuongezewa maisha, maana ya kwanza iliingia kazini mwaka 1996 na Virginia zikichelewa hakuna kingine. Kazi hiyo inafanyika Osborne, kulekule kunakojengwa kiwanda kipya, na inawataka wachomeleaji na wakaguzi walewale.