Ramani za maporomoko: data zifanane, vizingiti visilazimishwe

Weka bega kwa bega ramani za maporomoko ya ardhi za nchi mbili zinazopakana. Mteremko uleule, wenye udongo uleule, waweza kuwa mwekundu upande huu na wa njano ng'ambo. Wanaodai nchi zote zichore ramani hizi kwa kiwango kimoja wana hoja nzito, kwa kuwa mara nyingi tofauti hiyo haitoki ardhini. Inatoka kwenye data.

Chukua kumbukumbu za matukio. Timu moja huweka nukta pale ardhi ilipokatikia, nyingine pale tope lilipofunika nyumba. Modeli, yaani programu inayokadiria wapi pataporomoka, ikilishwa nukta za aina ya pili hujifunza kwamba tambarare za bondeni ndiko maporomoko yanakoanzia. Au data za mwinuko wa ardhi: ukingo wa mita 15 ulioinama nyuzi 45, ukisawazishwa kwenye pikseli (mraba mmoja wa ramani) ya mita 90, husomeka chini ya nyuzi 10. Ukingo umetoweka, na ndio unaoua. Nafasi nayo hupotosha: Afrika Mashariki, nukta iliyotolewa kwenye ramani ya mfumo wa zamani wa kuratibu nafasi, Arc 1960, ikisomwa kama ya WGS84, mfumo wa GPS, huhama takriban mita 300, umbali wa kutosha kuivusha bonde.

Wanaopinga nao wana lao. Kizingiti kimoja cha mteremko au mvua, yaani kiwango ambacho kikivukwa hatari huhesabiwa imeanza, hakifai udongo mzito wa volkano na papo hapo mwamba uliopasuka matabaka. Tena Uswisi hupima hatari kwa jedwali la nguvu ya tukio pamoja na marudio yake: mara moja katika miaka 30, 100 au 300. Nchi isiyo na tarehe za matukio ya zamani ikiazima jedwali hilo itabuni namba. Iseme tu wapi panaelekea kuporomoka, isidai lini.

Ramani ya maporomoko ya Ulaya, ELSUS, inatupa njia tunayoiunga mkono. Data za msingi ni za pamoja, ila bara limegawanywa katika kanda za hali ya hewa na umbo la ardhi, zisizofuata mipaka ya nchi, na kila kanda hupimwa kivyake. (Pikseli zake za mita 200 haziwezi kuamua mtu ajenge wapi.)

Basi kinachopaswa kufanana ni rekodi ya tukio: aina, kovu (pale ardhi ilipokatikia) likichorwa mbali na tope, tarehe na uhakika wake, kosa la nafasi kwa mita, na namna lilivyogunduliwa. Hili la mwisho hupuuzwa sana, ilhali matukio yakihesabiwa kando ya barabara tu, msitu huonekana salama kwa sababu hakuna aliyeuingia. Kisha timu zote mbili zichore ukanda uleule wa mpakani kwa picha zilezile za setilaiti, kila moja peke yake, na makovu watakayotofautiana yajadiliwe kabla ya rangi yoyote kuchapishwa.